Neno "tu" ndilo linalowaangusha watoto wetu

Mpwa wangu wa kidato cha pili, hapa Newala, aliniletea daftari huku amenuna. "Mjomba, hili fumbo limekosewa."

Wakulima 40: 28 wanalima korosho, 19 wanalima ufuta, 5 hawalimi hata zao moja kati ya hayo. Wangapi wanalima yote mawili? Alijumlisha 28 na 19, akapata 47. Watu wamezidi kijiji!

Tukatandika jamvi barazani, tukazungusha kamba mbili zikapandana katikati. Bibi yake akatupa korosho ghafi 40. Mtoto akaweka 5 nje, zikabaki 35. Akaingiza 28 kwenye kamba ya korosho, akabaki na 7, akazitia upande wa ufuta. Lakini ufuta unadai 19. Akatulia, kidole kimeganda juu ya jamvi. Kisha akaanza kusogeza moja moja kutoka upande wa korosho hadi pale kamba zinapopandana, mpaka zikafika 12. "Kumbe hawa nimewahesabu mara mbili!" Ndiyo: 47 kutoa 35.

Kanuni ya seti, yaani hesabu za makundi, alikuwa ameikariri neno kwa neno. Kilichomkwaza ni usomaji. "28 wanalima korosho" ndani yake wamo wanaolima na ufuta pia. "28 wanalima korosho tu" hawamo. Herufi mbili zinageuza hesabu nzima, na sekondari mtoto anatakiwa azinase kwa Kiingereza. Naumia nikisikia anaitwa mzito wa hesabu.

Kwa maoni yangu, fumbo lisomwe kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, mtoto aulizwe: huyu wa ufuta, anaweza kuwa na mikorosho? Huku kwetu jibu analijua tangu utotoni. Miduara inayopandana kama kamba zetu, aliyoieleza Mwingereza John Venn mwaka 1880, ije baadaye, na kanuni iwe ya mwisho.

Jana nimemkuta ameongeza kamba ya tatu, ya mbaazi. Amegundua mwenyewe kwamba wenye mazao yote matatu wanahesabiwa mara tatu, na ukishatoa wa mawili mawili wanafutika kabisa. "Sasa, mjomba, hawa si inabidi niwarudishe?"