Compton na goti lake: soka ilimpunja au la?

Ingia kibanda chochote cha mpira pale Ngara, Nairobi, Arsenal ikicheza, utaje jina la Denis Compton. Wenye jezi watakukodolea macho. Ilhali bwana huyu alitwaa ligi na Arsenal mwaka 1948, akaongeza Kombe la FA 1950, na kiangazi kikiingia alivaa nyeupe kuchezea kriketi klabu ya Middlesex na timu ya taifa ya Uingereza.

Kuna kocha wa vijana huko Pangani asiyetaka kusikia habari za michezo miwili. Mshika mbili, husema, moja humponyoka. Kwa Compton ana pa kushika: kati ya 1936 na 1950 alicheza mechi 54 tu za ligi. Vita vilimla miaka mingi, sawa, lakini hata vilipokwisha kriketi ndiyo iliyommiliki. Mechi zake 12 za timu ya taifa ya soka zilikuwa za wakati wa vita, hazihesabiwi rasmi. Halafu goti. Aliliumiza mwaka 1938 alipogongana na kipa wa Charlton, likamtesa hadi 1955, madaktari walipong'oa pia ya goti yenyewe.

Hapo kocha hudhani amemaliza kesi. Mimi namuuliza: na 1947 je? Kwa goti hilo hilo bovu, Compton alipiga mikimbio (ndiyo alama za kriketi) 3,816 na kufikisha mia katika zamu moja ya kupiga mara 18, yote katika msimu mmoja. Hadi leo hakuna aliyezifikia. Mwaka 1956, pia ya goti haipo, alirudi uwanja wa Oval, London, dhidi ya Australia akapata mikimbio 94. Huenda bila soka angedumu zaidi. Lakini kriketi nayo haina huruma na magoti, waulize wanaorusha mpira.

Kinachonipa shida ni kalenda. Compton alibebwa na baridi ya Uingereza: soka wakati wa baridi, kriketi kiangazi, zikigusana pembeni tu. Nairobi hatuna baridi ya kutugawia mwaka. Kijana mwenye mechi mbili Jumapili moja lazima moja aikose, na kocha atakayeachwa atanuna kwa haki. Kwa wa miaka 18, basi, namuunga mkono mzee wa Pangani. Kwa wa miaka 12, hapana.

Juzi nyuma ya klabu ya Gymkhana niliona watoto wakipiga kriketi kwa kipande cha ubao, wiketi, yaani vigingi anavyolenga mrushaji, ni matofali mawili yamepandanishwa. Mpira ulipopotelea mtaroni, mmoja akatoa wa makaratasi, yale matofali yakatenganishwa hatua nne. Goli tayari.