Miguu ya Mama Muuza Ndizi Haihitaji Kuambiwa Habari za Urembo

Mama yangu mdogo anauza ndizi katika soko la Mbuyuni hapa Moshi, kazi anayoifanya akiwa amesimama tangu alfajiri hadi jua linapokaribia kuzama. Majuzi alikwenda katika kituo kimoja cha afya kuuliza kama mishipa ya miguu yake iliyovimba inaweza kutibiwa kwa sindano. Mhudumu aliyempokea alimjibu akiwa bado ameketi: "Mama, hayo ni mambo ya urembo, tuwaachie wasichana. Umri nao umekwenda." Akapewa panadoli na kuambiwa apumzike.

Jibu hilo limeniudhi kwa sababu miguu hiyo nimeiona. Nyuma ya goti la kushoto kuna mshipa mnene uliojipinda mpaka kwenye shavu la mguu, na juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, ngozi imekuwa ya kahawia, imekakamaa na humuwasha usiku. Ngozi iliyofikia hali hiyo, mahali hapo hapo, ndiko donda hupenda kuanzia. Nani kati yetu hajapata kumwona mzee aliyefunga donda la mguu kwa vitambaa mwaka nenda mwaka rudi, huku majirani wakinong'ona kwamba alikanyaga kitu alichotegewa, kumbe tatizo ni damu inayorudi chini badala ya kupanda?

Damu ya miguuni hupandishwa kuelekea moyoni kwa msukumo wa misuli, hasa ya shavu la mguu, na ndani ya vena, yaani mishipa inayoirudisha damu moyoni, mna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Kusimama kutwa, mimba, umri na urithi huvilegeza vilango hivyo, damu ikatuama na vena ikatanuka. Katika tiba ya sindano, daktari huingiza dawa kama polidokanoli ndani ya vena yenyewe. Dawa hiyo huharibu utando wa ndani, kuta zikashikana, na baada ya wiki au miezi mwili ukaunyonya mshipa ule. Damu haikosi pa kupita, kama maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia mashamba) uliozibwa yanavyoingia katika mfongo mwingine. Kwa mishipa minene dawa huchanganywa na hewa kwa kutumia mabomba mawili ya sindano mpaka iwe povu, ili iisukume damu na kugusa kuta vizuri. Mgonjwa halazwi wala hapewi nusukaputi. Huvaa soksi za kubana na kutakiwa atembee siku ile ile. Kwa mtu ambaye asipouza leo watoto hawali kesho, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vile vimishipa vyembamba vyekundu na vya buluu, visivyofika milimita 1, mara nyingi havimdhuru mtu, na anayetaka viondolewe kwa ajili ya mwonekano ajilipie. Nakubali pia kwamba mishipa mingine huweza kuvimba baadaye, kwamba alama za kahawia huweza kubaki kwa miezi, na kwamba mjamzito au mwenye damu iliyoganda katika vena za ndani hachomwi. Pengine ikionekana kwamba vena kubwa ya paja ndiyo yenye hitilafu, upasuaji au kuiunguza kwa joto kutafaa zaidi. Lakini hayo huamuliwa kwa altrasaundi inayoonyesha damu inaelekea wapi, wala hayaamuliwi kwa kumtazama mtu usoni na kukisia miaka yake. Mji wenye hospitali ya rufaa ya KCMC tangu mwaka 1971, na kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi, hauna sababu ya kumrudisha mgonjwa wa namna hii nyumbani bila barua ya rufaa. Inanisikitisha zaidi kwamba wauguzi wenyewe, wanaosimama wodini usiku kucha, wamo katika kundi linalopata ugonjwa huu.

Madaktari wa mishipa wamekwisha kuweka madaraja yanayoeleweka: C1 ni vile vimishipa vyembamba, C2 ni mishipa iliyovimba kuanzia milimita 3, C4 ni ngozi iliyobadilika, na C6 ni donda lililo wazi. Sasa kwa kuwa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, nawaomba wanaopanga vitita vya huduma wayatumie madaraja hayo, na wailipie altrasaundi pamoja na sindano kwa mgonjwa wa C4 ambaye daktari ameona inamfaa. Soksi za kubana nazo ziwemo, kwa sababu muuza ndizi akiambiwa azinunue mwenyewe, ataendelea kufunga mguu kwa kipande cha kitenge.