Dumu Lililoshukia Banana

Kwanza kabisa: halikuwa bomu.

Naanza na hilo kwa sababu tangu Jumamosi jioni shosti yangu (simtaji, anajijua, na alikuwa siti ya nyuma katulia kama hanifahamu) ametuma sauti ya dakika nne kwenye makundi matatu ya WhatsApp, likiwemo la ukoo wangu, ambalo mpaka sasa sijui nani alimwingiza. Anasema nilipanda na bomu kwenye daladala la Gongo la Mboto. Anasema nililia. Anasema konda alinipa taulo lake la shingoni nijifute, na nilipotaka kumrudishia akakataa kulipokea. Katika hayo matatu moja tu ni uongo, na nimeshalitaja.

Mnaonifuata mnajua mwaka huu nimekuwa mtu wa mazingira. Mlinivumilia kwenye kikapu cha ukili, mkasema nimechelewa, mifuko ya Rambo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Sawa. Ila ninyi mna mifuko mbadala arobaini chini ya kitanda, maana kila mkienda sokoni mnaisahau mnanunua mwingine. Mlinivumilia kwenye kuloweka maharage usiku ili gesi isiishe upesi. Mlinivumilia na maji ya kuoshea mchele kumwagilia mchicha. Basi, ningeishia hapo tungekuwa salama wote, na yule mama wa Kipawa angekuwa bado na wigi lake.

Tatizo ni kwamba nilichambua taka. Wiki moja, ndoo tatu. Mbili nzima zilikuwa maganda ya ndizi, ya viazi, ya mihogo, na matumbo ya vibua. Yaani mwenye mkokoteni anasukuma maganda yangu, gari linayabeba mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, yanarundikwa huko yanaoza bila hewa yakitoa gesi ya methani, halafu mimi huyohuyo naenda dukani kununua mbolea. Roho iliniuma. Nikachukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, nikakatakata maganda ya ndizi, nikatia matumbo ya samaki, molasi na maji. Unaacha wiki tatu, unachuja, nusu kikombe kwenye ndoo ya lita 20, unamwagilia. Mchicha unakuwa na majani kama ya mgomba. Hii sehemu ni kweli, msiniangalie hivyo.

Kuna sharti moja tu. Vijidudu wanaoozesha maganda wakila sukari ya molasi wanatoa hewa, kaboni dayoksaidi, kwa hiyo kila siku unalegeza mfuniko dumu lipumue. Siku ishirini nililegeza bila kukosa. Likifanya pssss, na mimi naliambia pole. Wapangaji wenzangu waliniona.

Siku ya ishirini na moja ilikuwa Jumamosi. Kikundi chetu cha vikoba kinakutana kwa shangazi yangu, Gongo la Mboto, na nilishatangaza kwamba nakuja na mafunzo. Nikawaza: daladala, matuta, watu wamebanana, likimwagika je? Nikakaza mfuniko kwa mkono. Nikaona haitoshi, nikakaza kwa praizi. Juu yake nikazungushia selotepu. Nikatoka nimejaa fahari, kikapu mkononi, kanga juu yake kama napeleka chakula hospitali.

Buguruni tukapata Kosta imejaa. Konda akaniangalia akaona kikapu kinabana watu.

"Anti, mzigo weka hapo mbele, juu ya injini."

Juu ya injini. Wewe uliyewahi kukaa pale unajua. Pale unashuka suruali imepigwa pasi. Na mimi, msomi wa vijidudu, niliyejua kabisa kwamba joto linawachangamsha, nikasema "asante kaka," nikaliweka dumu langu na kusimama pembeni yake.

Vingunguti, kimya. Nyuma yangu vijana wawili wanabishana Simba na Yanga, mmoja kavaa jezi, sitaji ya rangi gani maana rangi yenyewe haipo tena. Kulia kwangu mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe, nyeupe ile ya kufuliwa na buluu. Kwenye kiti cha mbele, mama aliyepandia Kipawa, wigi jipya, anakwenda kwenye sherehe.

Tulipopita Airport nikasikia kitu. Kwiiii. Kama mtoto wa paka kabanwa mlangoni. Nikainamisha shingo, nikafunua kanga kidogo.

Dumu lilikuwa mviringo.

Jamani, dumu la mafuta lina pembe nne. Langu halikuwa na pembe hata moja. Limevimba kama boga, kitako kimetokeza nje, limeacha kukaa, sasa linabingirika taratibu kila gari likiyumba. Nikaweka kiganja juu yake nikakitoa: la moto. Nikasema moyoni, legeza kidogo tu, litoe pssss, abiria watadhani ni breki. Nikashika mfuniko. Selotepu. Nikaanza kuitafuta ncha ya selotepu kwa kucha. Anayeijua selotepu anajua kwamba ncha yake haipatikani siku unayoihitaji. Mzee wa kanzu ananitazama. Akasema kwa upole, "Binti, hicho kitu kinalia." Nikamjibu, "Ndiyo mzee, kinapumua." Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Ncha ikapatikana. Nikavuta raundi ya kwanza. Nikavuta ya pili. Tukakaribia kituo cha Banana, konda akagonga bodi, akapaza sauti:

"Banana wapo?"

Likajibu dumu.

Wanaosoma huku wanakula, wekeni sahani chini.

Mfuniko uligonga paa nikausikia, paa! Kisha kukawa na kimya cha nusu sekunde, kimya kitakatifu kabisa, nikadhani Mungu kanisitiri. Halafu ikaja. Haikumwagika, ilipanda. Ilikwenda juu kama bomba la maji la Dawasa likipasuka, ikafika kwenye paa, ikatawanyika, ikashuka kwa wote bila ubaguzi. Harufu ilikuja nyuma yake kidogo, haikuwa na haraka. Wabishi wa Simba na Yanga wakawa kitu kimoja. Tumbo la kibua liliruka polepole, naliona mpaka leo, likatua kwenye wigi na kujiviringisha kama pini ya nywele. Ganda la ndizi jeusi likakaa begani kwa mzee wa kanzu, limenyooka kama cheo cha kanali.

Kioo cha mbele chote kikawa cha kahawia. Dereva, maskini, akawasha waipa.

Waipa iko nje, dereva. Mbolea iko ndani. Waipa ilikwenda na kurudi, krii, krii, ikisafisha kioo kisafi, sote tunaitazama, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia. Kwa bahati tulikuwa tumeshaingia kituoni, akasimamisha kwa kukisia.

Konda akaja. Ana tone kwenye kope.

"Anti. Hii nini?"

"Mbolea."

"Ya nini?"

Nikatafuta neno. Neno lililokuja ni "mazingira."

Akageuka akaangalia paa, siti, abiria, akanirudia. "Mazingira yapi? Haya?"

Hapo ndipo nilipolia.

Mengine ni mafupi. Tulishuka wote. Nililipa elfu ishirini ya kuoshea gari, pesa ya vikoba. Wigi bado tunajadiliana kwa simu, ana bei zake. Bodaboda wa kwanza akasema abiria anachukua, harufu hachukui. Wa pili hakusimama. Nikatembea kwa miguu Banana mpaka Gongo la Mboto na msafara wa nzi, shosti yuko hatua thelathini nyuma anajifanya anaongea na simu, kumbe anarekodi. Kufika, nikapigwa faini ya kuchelewa.

Ila kabla sijaondoka pale kituoni yule mzee aliniita kando. Nikajua sasa natukanwa. Akaondoa ganda begani, akalitazama, akanipa mkononi kama ananirudishia chenji.

"Binti, hujawahi kuona dumu la pombe ya mnazi? Haliwekewi mfuniko. Linazibwa kwa kitambaa, lipumue."

Watu wote waliokuwa wanajifuta wakanyamaza, wakaitazama ile kanzu. Mzee akakohoa.

"Nimesikia tu," akasema, akavuka barabara.

Kikombe kimoja kilisalia chini ya dumu. Shangazi alikichanganya na maji kimyakimya akamwagia matembele yake, na jana shosti, huyuhuyu wa dakika nne, kaniandikia kwamba mama mwenye nyumba wake ameyaona hayo matembele, anataka madumu mawili, nimpelekee lini?

Nimemjibu aje kuchukua mwenyewe. Kwa miguu, na aje na kitambaa.