Mtoto asiyeanguka: umeme wa ubongo na masomo ya darasani

Mama mmoja wa Uyole, Mbeya, aliniuliza kama kuna kipimo cha hospitali kinachoweza kuonyesha iwapo mwanawe ana akili za darasani, ili ajue mapema kama ada ya shule ya kulipia itakuwa fedha iliyotupwa. Alikuwa amesikia habari za EEG, kipimo kinachorekodi umeme wa ubongo kwa nyaya zinazobandikwa kichwani. Jirani yake, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, alinitangulia kujibu: «Mwalimu, hicho si cha wenye kifafa? Wa kwake mbona haanguki.» Tangu siku ile nimekuwa nikiyarudia mawazoni swali la yule mama na jibu la jirani yake, kwa sababu wote wawili walikosea, ila hawakukosea kwa uzito mmoja, na kosa la jirani ndilo linalonisumbua zaidi.

Misingi ya jambo hili nitaigusa tu. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme, na umeme huo hufika kwenye ngozi ya kichwa ukiwa umedhoofika mno, mikrovolti 50 hivi, yaani sehemu moja ya elfu thelathini ya nguvu ya betri ya tochi ya volti 1.5. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena nchini Ujerumani, aliurekodi kwa binadamu mwaka 1924, akakaa nao miaka mitano kabla ya kuuchapisha. Kinachowavutia watu wa elimu ni kwamba mawimbi haya hukua pamoja na mtoto. Kwa mtoto ambaye hajalala ila amefumba macho, wimbi kuu la upande wa kisogoni huwa na mizunguko mitatu au minne kwa sekunde akiwa na miezi minne, hufika kama minane akiwa na miaka mitatu, na hukaribia kumi anapofika darasa la nne au la tano. Mtu akiona mstari unaopanda namna hiyo sambamba na umri, haraka atadhani amepata rula ya kupimia akili.

Rula hiyo haipo, na wanaosema hivyo wana hoja nzito. Mwaka 1980 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya watoto 3,726 wenye afya, wa umri wa miaka 6 hadi 13. Kati yao 131, yaani takriban asilimia 3.5, walikutwa na mawimbi yenye ncha kama ya kifafa ilhali hawakuwa wagonjwa. Darasa la watoto 90, ambalo si kitu cha ajabu katika shule za msingi, likipimwa lote lingetoa watoto watatu wa kupewa dawa wasizozihitaji, pamoja na jina ambalo mtaani halifutiki. Kuhusu watoto wenye tatizo la umakini na utundu uliopitiliza, mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa kinacholinganisha mawimbi ya polepole na ya kasi kimsaidie daktari katika uchunguzi wake, na miaka mitatu baadaye chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha nchi hiyohiyo kikashauri kwamba ulinganisho huo usitumiwe kuthibitisha tatizo hilo. Halafu upo mradi wa Marekani uliowapa akina mama maskini waliotoka kujifungua dola 333 kwa mwezi, na wengine dola 20 tu. Watoto walipokaribia mwaka mmoja, taarifa ya 2022 ilisema wale wa kundi la kwanza walikuwa na mawimbi ya kasi zaidi kidogo, na magazeti yakashangilia kwamba fedha hujenga ubongo. Walipofikisha miaka minne, tofauti kati ya makundi hayo haikuonekana tena.

Kisha ipo hoja ambayo mtu wa mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hawezi kuisikia bila kuinamisha kichwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 57 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa na nusu ya watoto wa Njombe, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Hii ni mikoa inayoijaza nchi mahindi, viazi na maparachichi. Anayesimama mbele ya takwimu hiyo na mfuko wa nyaya ana haki ya kuulizwa kwa nini hakuja na maharage na maziwa. Hata mfano unaopendwa na watu wa EEG unawaunga mkono wapinzani wao. Huko Bucharest, Romania, watoto waliolelewa katika vituo vya yatima walikuwa na mawimbi ya polepole kupita kiasi, lakini waliohamishiwa kwenye familia kabla ya kutimiza miaka miwili walikutwa, walipofika miaka minane, mawimbi yao yamekaribia kabisa ya watoto wengine. Aliyewatengeneza ni mama mlezi. Mashine ilishuhudia tu.

Nayakubali yote hayo, na yule mama wa Uyole nilimwambia asitafute kipimo cha namna hiyo. Lakini ukiyaangalia vizuri, yote yanajibu swali lake yeye, la kupima akili, na hakuna hata moja linalomjibu jirani aliyesema mtoto haanguki.

Miaka mingi iliyopita nilifundisha darasa la tatu katika shule ambayo sitaitaja. Kulikuwa na mvulana aliyesoma kwa sauti vizuri kuliko wengi, ila alikuwa na tabia ya kukatika. Alikuwa akisoma neno ubaoni, akafika katikati, akanyamaza. Macho yalibaki wazi yakiangalia ukuta, kope zikichezacheza, na midomo wakati mwingine ikitafuna kitu kisichokuwepo. Baada ya sekunde kumi hivi aliendelea na neno lilelile, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenzake walimwita Luku, kama umeme wa kulipia kabla, kwa sababu alikuwa anakata na kurudi bila taarifa. Mimi niliona uzembe. Siku moja nilimrushia kipande cha chaki kikampiga shavuni, hakupepesa, na darasa zima likacheka. Aliporudi akawa anatazama huku na huku akitafuta kinachochekesha. Mtoto anayejifanya hajakuona hupepesa chaki inapomfikia. Hilo nilipaswa kulijua siku ileile, nami sikulijua.

Hiki ni kifafa, cha aina isiyoangusha, isiyotoa povu wala kumkojolesha mtu hadharani. Huanza mara nyingi kati ya miaka minne na kumi, umri uleule ambao mtoto anafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 1935 Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox walieleza alama yake kwenye karatasi ya EEG, ncha na wimbi vikifuatana mara tatu kwa sekunde kichwa kizima, vikianza ghafla na kukoma ghafla, na mpaka leo daktari akiuona mchoro huo kwa mtoto mwenye dalili hizo hana haja ya kubahatisha. Katika matatizo yote ya kujifunza, sijui jingine ambalo umeme wa ubongo hulisema kwa uwazi kiasi hiki.

Wapo wanaojibu kwamba sekunde kumi ni kitu gani. Tupige hesabu. Mtoto ambaye hajatibiwa anaweza kukatika mara kadhaa kwa siku au mara makumi, wengine hata zaidi ya mia. Tuseme hamsini, kila moja sekunde kumi, na tupate sekunde 500, ambazo ni dakika nane na sekunde ishirini. Kwa siku nzima hazifiki hata robo ya kipindi kimoja cha dakika 40. Nimewahi kumsikia ofisa wa elimu, mtu mwema, akisema kwamba watoto wetu hupoteza muda mwingi zaidi kwa kuchota maji na kufagia uwanja, na kwa hesabu ya dakika yuko sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba dakika hizo nane hazipotei kwa pamoja. Zimekatwa vipande hamsini na kutupwa popote katika siku. Mtoto akikosa dakika nane za mwisho za kipindi, anajua amezikosa na anaweza kumwuliza mwenzake. Huyu hajui kwamba ameondoka. Mwalimu yupo ubaoni na 38 mara 7: saba mara nane ni hamsini na sita, andika sita, peleka tano. Mtoto anasikia «andika sita», anakatika, anarudi wakati saba mara tatu ni ishirini na moja inaandikwa. Jibu lake ni 216, la mwalimu ni 266, na kwa macho yake mwenyewe amefuata kila hatua. Kesho itakuwa herufi ya kati ya neno, keshokutwa ni sharti la swali la mtihani. Atahitimisha kwamba hesabu zina siri ambayo wenzake wameambiwa na yeye hakuambiwa, na hitimisho hilo hubaki hata dakika zenyewe zikirudishwa.

Sisemi dawa hurudisha kila kitu. Katika jaribio kubwa la dawa za kifafa hiki nchini Marekani, ambalo matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2010, zaidi ya theluthi moja ya watoto walikuwa na upungufu wa umakini hata kabla ya kuanza dawa, na kwa wengi uliendelea ingawa kukatika kulikwisha. Kumbe umeme ulioharibika si maelezo yote ya matokeo mabaya ya mtoto hata hapa unapoonekana wazi. Mwenye kipimo asijitape.

Hoja nyingine ya wapinzani ni kwamba hata bila mashine ugonjwa huu unajulikana. Ni kweli. Mpe mtoto kipande cha karatasi, mwambie akipulize mfululizo kwa dakika tatu, naye kama hajatibiwa kuna uwezekano wa kama tisa kwa kumi atakatika mbele yako. Tabibu wa zahanati ya Makete anaweza kulifanya hilo akiwa na karatasi na saa ya mkononi tu, na ningefurahi kama wangelifanya wote. Lakini kuzubaa kuna sura nyingi. Kuna mtoto anayekatika kwa sababu sehemu moja tu ya ubongo ina kovu, na katika nyanda zetu, ambako nguruwe huachwa wakizurura na vyoo si vya kila nyumba, mayai ya tegu huingia kinywani kwa maji, mboga na mikono michafu, na viluwiluwi vyake hukaa ubongoni na kuleta kifafa. (Kitimoto kisichoiva humpa mlaji tegu wa tumboni, mayai ya tegu huyo ndiyo yanayomfikia mtoto wa jirani, hata asiyekula nguruwe.) Hali hizi mbili huweza kufanana kwa macho na hutofautiana kwa dawa. Carbamazepine, inayomfaa mwenye kovu, huweza kuzidisha kukatika kwa huyu mwingine. Phenobarbital, dawa rahisi na ya zamani, haimsaidii, na humwongezea usingizi mtoto ambaye tayari anaitwa mvivu. Hapa ndipo mchoro wa umeme unapolipa gharama yake, kwa kuamua ni chupa ipi ishushwe kutoka kwenye kabati.

Gharama yenyewe si ndogo. Mzazi wa Kilolo au Ludewa akiambiwa ampeleke mtoto akapimwe EEG huanza na nauli, kisha mahali pa kulala, kisha siku za shamba zinazopotea. Kipimo cha nusu saa kikitoka safi hakithibitishi kwamba mtoto hana kifafa, kwa maana katika aina nyingine za kifafa kipimo cha kwanza huambulia nusu tu ya wagonjwa, na huambulia zaidi mtoto akiwa amekesha. (Katika hilo basi la usiku kutoka Mbeya linatusaidia bila kukusudia.) Kwa sababu hiyo siungi mkono kupima madarasa mazima, wala kumpima kila anayeshika mkia. Ninachotetea ni njia nyembamba, kwamba mwalimu atilie shaka, tabibu apulizishe karatasi, na wale wachache wanaobaki wapelekwe panapo mashine na, muhimu zaidi, panapo mtu anayejua kuisoma.

Hatua ya kwanza haihitaji bajeti. Nimewaonyesha walimu wawili wa jirani zangu namna ya kutenga ukurasa wa nyuma wa daftari la mahudhurio, na mmoja wao alimchukua mtoto picha ya video kwa simu, jambo ambalo daktari alilishukuru kuliko barua yoyote ya rufaa. Ukurasa wa mwingine niliuona wiki iliyopita, umeandikwa kwa kalamu nyekundu: «Saa 3:10, sekunde 12, kope zinacheza, aliendelea kusoma palepale. Saa 3:25, sekunde 9. Saa 3:31, sikuwahi kuhesabu.»