Fundi alivyonisafishia Kilimia

Jamani wapiga picha wa mkanda mliobaki, njooni mcheke. Shida yangu ilikuwa chenga tu. Mkanda wa ASA 400, ule unaonasa mwanga upesi, ukipigia nyota unajaa chenga kama TV ya zamani, na ukisema uache kamera wazi muda mrefu zaidi nayo haisaidii sana, maana mkanda gizani unachoka, muda ukiuzidisha mara mbili mwanga hauingii mara mbili. Dawa yake ni kupiga fremu zile zile nyingi, unaziskani zote, kompyuta inazipanga juu kwa juu na kutafuta wastani: nyota hazihami ila chenga kila fremu zinakaa pengine, kwa hiyo fremu 4 tu chenga zimepungua nusu.

Basi Novemba nikaenda Kondoa kabla mvua hazijaanza, kamera juu ya kitako chenye mota kinachofuata mzunguko wa anga, nikapiga Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizokaa pamoja, mpaka baridi ikanitoa kamasi. Mkanda nikapeleka mjini kusafisha.

Kufuata, dada wa kaunta kachangamka kweli. "Kaka, mkanda wako ulikuwa na vumbi, we acha! Nimekusafishia lote."

Vumbi gani tena?

"Vidoti vyeupe picha nzima. Vingine hapa katikati sita saba vimekaa pamoja, hivyo ndo vilinisumbua, ila nimevitoa."

Akafungua kwenye skrini. Nyeusi tii, haina hata chenga moja, tena nikiri ilikuwa laini ajabu. Na kusema ukweli vumbi likikaa kwenye negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, linatoka jeupe kwenye picha, sawasawa na nyota, sasa ningemgombezaje?

"Na zingine ziko wapi?"

"Si zilikuwa zinafanana? Nimekuwekea moja, nisikumalizie hela bure."

Nikaomba negativu. Kazikata katikati ya fremu, eti mpaka hauonekani giza tupu, kakadiria. Halafu risiti ina hela ya ritachi, yaani ya kufuta vile vidoti!

Wakongwe wakanishauri fremu ya kwanza nipige kitu mchana kweupe, ili fundi aone fremu zinaanzia wapi. Mkanda uliofuata nikaanza na mbuzi wa mjomba, nikasisitiza kabisa, dada usifute doa lolote humu.

Hakufuta. Kanikuzia mbuzi saizi ya ukutani, zingine zote kaandika kwenye bahasha, "zimeungua, hatujachaji."