Ratiba Iliyojaa Haiwafundishi Vijana

Ukitaka kujua mapema iwapo mradi wa kimataifa wa vijana utafanikiwa, usianze na malengo yake, kwa kuwa malengo ya miradi hii hufanana mno: maelewano baina ya tamaduni, ushiriki wa vijana, ujumuishi, mazingira. Anza na ratiba. Ratiba iliyoshonwa kuanzia kifungua kinywa hadi usiku, kila kipindi na mwezeshaji wake, hunionyesha kwamba waandaaji wameshaamua vijana watajifunza nini, lini na kwa mpangilio upi, kabla hata ya kujua ni vijana gani watakaokuja. Kwa maoni yangu, tatizo kubwa katika usimamizi wa miradi hii si uchache wa mipango. Tunayapanga kwa ukali yale yanayohitaji kuachiwa nafasi, halafu tunayalegezea kamba yale yanayohitaji kukazwa.

Miradi hii hutoa elimu nje ya mfumo rasmi. Watafiti wa elimu Philip Coombs na Manzoor Ahmed, ambao maelezo yao ya mwaka 1974 kuhusu elimu hiyo bado hunukuliwa sana, waliieleza kuwa ni shughuli ya elimu iliyopangwa na yenye utaratibu, inayoendeshwa nje ya mfumo wa shule kwa ajili ya makundi mahususi ya watu. Wengi wetu hushika upande mmoja tu wa maelezo hayo. Wapo wanaofurahia kutoka nje ya shule wakadhani kwamba michezo ya kuchangamshana na matembezi ya jioni yanatosha. Wapo pia wanaong'ang'ania utaratibu wakalihamishia darasa kwenye ukumbi wa mikutano: wanapanga viti kwa duara, wanasimamisha bangokitita, kisha wanahutubia kama kawaida. Viti vya duara havibadilishi kitu iwapo maswali yote yanatoka kwa mtu mmoja.

Chanzo cha ratiba zilizojaa kinajulikana, nacho ni andiko la mradi. Tuchukue mfano wa mabadilishano ya vijana yanayofadhiliwa na programu ya Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya, ambayo huwakutanisha vijana wa umri wa miaka 13 hadi 30 kwa siku 5 hadi 21, kwa kawaida kati ya washiriki 16 na 60, bila kuhesabu viongozi wa vikundi. Andiko hutumwa miezi mingi kabla ya shughuli, na mwombaji hutakiwa kuambatisha ratiba ya kila siku. Mwandishi wa andiko, akijua kwamba anashindana na wengine kwa ruzuku ileile, huogopa kuacha saa tupu, maana huona saa tupu itasomwa kama uvivu. Kwa hiyo hujaza. Ruzuku ikishapatikana, ratiba hiyo iliyoandikwa ili kumshawishi msomaji mmoja ofisini hugeuka sheria ya kuwaongoza vijana ambao hawakuwahi kuulizwa.

Sipendi kuwatupia wafadhili lawama zote, na sababu ninayo. Fomu hizo huuliza waziwazi vijana walishirikishwaje katika kubuni mradi, na ni sisi tunaojibu kwa sentensi nzuri isiyo na kitu ndani yake. Mwaka 1992 Roger Hart, mtafiti wa masuala ya watoto, alichora, kwa ajili ya UNICEF, ngazi ya ushiriki wa watoto na vijana yenye vidato 8, na vidato 3 vya chini kabisa akavihesabu kuwa si ushiriki hata kidogo: pale vijana wanapotumiwa kwa masilahi ya wakubwa, wanapowekwa kama pambo, na wanapopewa nafasi ya jina tu. Mradi ambao vijana waliuona kwa mara ya kwanza walipopokea barua ya mwaliko hauna njia ya kupanda juu ya vidato hivyo, hata wakipigwa picha nyingi kiasi gani wakiwa wamenyoosha mikono.

Madhara ya ratiba iliyojaa huonekana waziwazi mwishoni mwa zoezi. Chukua mchezo unaofahamika sana katika mafunzo ya vijana, ambapo vikundi hupewa rasilimali zisizo sawa, kimoja kina mikasi na rula, kingine kina karatasi tupu, nao hutakiwa kutengeneza maumbo na kuyauza. Baada ya nusu saa kuna kikundi kilichotajirika, kuna kilichoiba, na kuna msichana aliyekunja mikono kwenye kona kwa sababu amenyimwa mkasi na mtu aliyekula naye asubuhi. Hapo ndipo kujifunza kunapoanza, na hapo ndipo ratiba inaposema zimebaki dakika 20 kabla ya chakula. Mwezeshaji huuliza haraka, "Tumejifunza nini?", washiriki humpa majibu wanayojua anayataka, na wote huelekea mezani na hasira zao.

Mazungumzo baada ya zoezi kama hilo yana mpangilio wake, na hauvurugwi bila hasara. Kwanza watu hueleza walivyojisikia na kuyavua majukumu waliyoigiza. Kisha hukumbushana kilichotokea, bila kukitafsiri. Ndipo hujiuliza kwa nini kilitokea. Na mwisho hutafuta kinafanana na nini katika maisha yao. David Kolb, mtaalamu wa nadharia ya kujifunza kwa uzoefu, alieleza mzunguko huohuo mwaka 1984: mtu hupata uzoefu, huutafakari, hutoa dhana, kisha huijaribu dhana hiyo katika hali mpya. Mwezeshaji anayeruka kutoka uzoefu hadi dhana amefanya mchezo, hajafundisha. Kwa kipimo changu, zoezi la nusu saa lenye mgongano wa kweli linahitaji mazungumzo ya saa nzima au zaidi, na kama ratiba haina saa hiyo, ni afadhali zoezi lifutwe kabisa.

Liko pia suala la lugha, ambalo waandaaji wengi hulipita kwa kuandika kwamba lugha ya kazi itakuwa Kiingereza. Kasi ya ratiba humnufaisha yule anayeimudu lugha hiyo bila jasho. Mwenye maneno machache huhitaji muda wa kuelewa swali, kutafuta jibu, na kupata ujasiri wa kulisema, na kabla hajafika huko mada imeshabadilika. Siku ya tatu ameshazoea kunyamaza, na viongozi humwita mpole. Ndiyo maana nathamini sana kikao kifupi cha tafakuri cha kila jioni, ambacho kila kikundi hukifanya kwa lugha yake kikiwa na kiongozi wake. Mara nyingi ndicho kipindi cha kwanza kukatwa siku inaporefuka, ingawa ndicho pekee ambacho kijana huyo mnyamavu huweza kusema kwamba hakuelewa chochote tangu asubuhi.

Nikigeukia yale yanayostahili ukali, nitaanza na fedha za safari. Katika programu nyingi, Erasmus+ ikiwamo, mchango wa nauli hukokotolewa kwa umbali kati ya mshiriki anakotoka na mahali pa shughuli, lakini kuna waandaaji wanaowataka vijana wajinunulie tiketi kwanza na kurudishiwa fedha miezi kadhaa baadaye. Utaratibu huo humwondoa kimyakimya kijana asiye na akiba, yuleyule ambaye andiko lilimtaja mara nyingi kuwa ndiye mlengwa. Mratibu makini hununua tiketi mwenyewe, au hutuma fedha mapema kwa shirika mshirika, na hayo huyaandika katika makubaliano kabla ya kumchagua mshiriki yeyote.

Viza nayo haisubiri. Barua za mwaliko zenye majina kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, uthibitisho wa malazi na bima, vyote hivyo hutakiwa kabla ya miadi ya ubalozi, na miadi yenyewe huweza kuwa mbali. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna ridhaa ya wazazi iliyoandikwa, kuna swali la nani anawajibika usiku, na kuna swali la mtoto huyo amwambie nani iwapo anayemsumbua ni mmoja wa viongozi. Haya hayaachwi yajadiliwe na washiriki papo kwa papo. Ziara ya maandalizi, ambapo washirika hukutana mahali pa shughuli kabla ya siku yenyewe, ndiyo nafasi ya kuyafunga, na ni vizuri kila shirika lije na kijana mmoja atakayeshiriki, kwa kuwa huyo ataona ngazi zisizopitika kwa kiti cha magurudumu au chumba kisichofungika, mambo ambayo wakubwa wakiwa kwenye bajeti hawayaoni.

Kuhusu tathmini nitasema machache. Cheti cha Youthpass, ambacho hutolewa kwa washiriki wa miradi ya vijana ya Umoja wa Ulaya na kilianza kutumika mwaka 2007, hakikubuniwa kuwa karatasi ya mahudhurio. Kinamtaka mshiriki aeleze mwenyewe alichojifunza. Kinapojazwa usiku wa mwisho huku watu wakifunga mizigo, hutoka na sentensi zilizonakiliwa kwa jirani. Tafakuri za jioni zikifanyika kweli, cheti huwa kimeshaandikwa nusu.

Najua pingamizi litakalokuja: ukiacha nafasi, vijana wataishia kwenye simu, na mfadhili atauliza fedha zilienda wapi. La kwanza hutokea pale nafasi inapoachwa bila mtu kuiandaa. Nafasi iliyo wazi huhitaji swali, vifaa, na mwezeshaji aliye tayari kutekeleza jambo ambalo hakulipanga, kazi ambayo kwangu ni ngumu kuliko kuendesha kipindi kilichokwisha kuandikwa. La pili hujibika ndani ya andiko lenyewe. Andika kwamba alasiri ya siku ya tatu na siku ya tano zitapangwa na washiriki, eleza njia watakayoitumia kuamua, taja kiwango cha bajeti kilichotengwa kwa uamuzi wao na nani atahakikisha usalama, kisha kwenye ripoti ya mwisho ueleze walichoamua na kwa nini ratiba ilibadilika.