Busha, presha na foleni ya eko

Baba mdogo wangu wa Ngamiani, Tanga, alikwenda kupasuliwa busha, akarudi na karatasi. Ana miaka 67 na presha, kwa hiyo kwanza akapige eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Nauli na foleni vikamshinda, busha likabaki.

Daktari hakukurupuka. Hata kisu kisichogusa moyo huubebesha moyo mzigo: damu hupotea, presha hupanda na kushuka, damu huganda upesi. Tena shambulio la moyo baada ya upasuaji mara nyingi huja kimyakimya, kwa kuwa dawa za maumivu zimekinyamazisha kifua.

Lakini mwaka 1999 daktari Thomas Lee na wenzake huko Marekani walitoa alama sita za kupima hatari ya moyo kwa anayepasuliwa: upasuaji mkubwa kama wa ndani ya tumbo au kifua, ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo kushindwa kazi, kiharusi, kisukari cha kuchoma insulini, na figo zilizochoka. Presha haimo. Umri haumo. Baba mdogo hana hata moja, ajuavyo yeye.

Lipo pia swali la ngazi, la kupima nguvu za moyo: unapanda ghorofa mbili bila kusimama kuhema? Ngamiani mzee atazitoa wapi hizo ghorofa! Mimi ningemuuliza baiskeli. Huyu hubeba nazi kutoka Duga, akifika ana pumzi ya kututukana wote.

Ninaposita ni kwenye hilo "ajuavyo yeye". Kwetu "sina kisukari" mara nyingi maana yake ni "sijapimwa". Halafu kuna valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Valvu iliyosinyaa ikikutana na ganzi ya mgongoni, presha inaweza kuporomoka vibaya. Anayesikika sauti isiyo ya kawaida ya valvu kifuani, au anayevimba miguu na kukosa pumzi, eko ni haki yake hata akiwa na miaka 25.

Na eko yenyewe haitibu, wala dawa ya moyo ya harakaharaka kabla ya kisu si kinga ya uhakika. Katika jaribio la POISE la 2008, wagonjwa zaidi ya 8,000, walioanzishiwa metoprolol, dawa ya presha na moyo, saa chache kabla ya upasuaji walipata mashambulio machache ya moyo, ila vifo na viharusi vikaongezeka. Anayeitumia siku zote asiiache; kumwanzishia mtu mlangoni mwa thieta ni kubahatisha.

Baba mdogo amekubali kupima sukari na figo, kisha arudi kwa daktari yuleyule asikilizwe kifua. Ameniuliza kama anaweza kwenda kwa baiskeli.